Mchanga Aliouchagua Baba

Baba alipogeukia ukuta hakugeuka kwa hasira. Mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza, ukamtania, mwisho wake akacheka. Yeye aligeuka taratibu, akajivuta kwa ule upande wake mmoja uliobaki na nguvu, mpaka uso wake ukakaribia kugusa udongo wa ukuta. Nikabaki nimeshika bakuli la uji. Nikamwita, "Baba." Nikamwita tena. Uji ukaota ngozi juu, nikaenda kuumwaga.

Kiharusi kilimpata shambani, kwenye matuta ya kabichi, asubuhi ya ukungu. Baba alikuwa mkulima wa mboga tangu nipate akili zangu: karoti, kabichi, liki, figili, mboga zote zile zinazopandishwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam na watu wa huko wakazila bila kujua zimetoka kwenye mteremko gani. Alianguka na mche mkononi. Waliomwokota walisema hata kuufungua mkono ilikuwa kazi. Upande wa kulia wote ulikufa, mkono, mguu, nusu ya mdomo, na ulimi nao ukawa mzito, akawa anatoa sauti tu.

Hospitali walimtunza vizuri, siwezi kusema vibaya. Walitupa dawa za presha, wakanifundisha kumgeuza na kumnyoosha. Siku ya kuondoka daktari alinivuta pembeni, binti mdogo tu, lakini alikuwa na adabu. Akaniambia, "Dada, mzee anaweza kuishi miaka. Mwili wake bado una nguvu. Ila lazima mwenyewe atake. Akikataa kula, hakuna dawa ya hilo." Nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa chochote. Nilidhani mtu kutaka kuishi ni kitu kinachojiendesha chenyewe, kama kupumua.

Mimi nilikuwa Korogwe, na mgahawa wangu mdogo karibu na stendi, chai na maandazi asubuhi, wali maharage mchana. Mama alishatangulia mbele ya haki. Kaka yangu yuko Tanga, ana mke na watoto. Mimi mume sina, tuliachana zamani na wala simkumbuki. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani atarudi nyumbani kumuuguza baba. Nilifunga mgahawa, nikapanda mlima na begi langu, na nitasema ukweli, nilipanda nikiwa nimenuna.

Wiki zile za mwanzo sizitamani hata kwa adui. Anayefikiri kuuguza ni huruma, hajauguza. Ni kufua mashuka kwa maji ya baridi ya Lushoto mpaka vidole havijikunji. Ni kumgeuza mtu mzima aliyekulea, anaona aibu, nawe unaona aibu, na wote wawili mnajifanya hamuoni. Halafu wageni. Wageni jamani! Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kutoka Rangwi na mkungu wa ndizi, akaketi pembeni ya kitanda, akamtazama kaka yake, akasema kwa sauti kabisa, "Ah, kaka yangu ndiyo hivyo tena. Tumshukuru Mungu kwa muda aliotupa."

"Shangazi," nikamwambia, "baba anasikia."

"Wee mtoto, nimesema nini kibaya?"

"Unamshukuru Mungu kwa marehemu, na baba amelala hapo macho wazi!"

Alikasirika, na haki yake, maana sikumpa heshima yake. Lakini ilikuwa ni baada ya siku hiyo baba alipogeukia ukuta. Sisemi ni shangazi. Pengine alikuwa amekwisha kuamua kabla. Nasema tu kwamba aligeuka, akafunga mdomo, na kijiko nikakipeleka mara ngapi sijui, kinarudi kama kilivyokwenda. Alikuwa akinywa maji kidogo nikimlazimisha. Chakula, hapana. Nikampigia kaka simu, nikalia kwenye simu, nikamwambia njoo uone baba anavyojiua mbele yangu.

Kaka alikuja. Akaja na tangi la samaki.

Naapa sijui nilimsubiri na nini, lakini si hicho. Lilikuwa tangi la kioo, limevingirishwa kwenye blanketi, wameliondoa kwenye ofisi moja anakofanyia kazi za umeme wakamwambia achukue. Na kwenye ndoo yenye mfuniko alikuwa na samaki watatu wekundu, wale wa mapambo, wenye mikia mirefu kama khanga iliyoanikwa.

"Baba hataki kula," nikamwambia, "wewe mwanaume mzima unamletea samaki wasioliwa?"

"Ngoja kwanza," akasema. "Nimeona Tanga, kwenye zahanati moja. Wagonjwa wanakaa wanawatazama. Wanatulia. Hebu tujaribu dada, kwani tuna lipi lingine?"

Hilo la mwisho ndilo lililoninyamazisha, kwa sababu hatukuwa na lingine. Tukachukua meza ya mama ya kulia chakula, tukaisukuma ukutani kule alikogeukia baba, tukaweka tangi juu yake. Kama ni ukuta ndio anaoutaka, basi ukuta uwe na samaki. Kaka alikuwa ameleta na mawe madogo ya rangi ya bluu ya dukani, akayamwaga chini ya tangi. Yaani bluu ile! Bluu ya ndoo ya plastiki. Baba alifungua macho, akayaangalia, akafumba.

Na samaki wenyewe walikataa pia. Walijikunyata kwenye kona moja, hawaogelei. Kaka alimpigia aliyemuuzia samaki, nikasikia wakibishana kwenye simu, mwisho akasema huyo fundi wa samaki anashauri tuondoe yale mawe tuweke mchanga, samaki wa aina ile wanapenda kuchokoachokoa chini, na chini kukiwa na mawe makubwa chakula kinazama kinaozea humo. "Mchanga gani?" nikauliza. Kaka akasema mchanga ni mchanga. Kesho yake alirudi Tanga kazini, akaniachia samaki na baba, wote hawali.

Mchanga si mchanga. Nililijua hilo baadaye.

Nilianza na ule wa jirani anayejenga, lori lilikuwa limemwaga rundo nyuma ya nyumba yake. Nikaomba, nikajaza beseni, nikaosha. Maji yakatoka mekundu. Nikaosha tena, mekundu. Ule ni mchanga uliochanganyika na udongo wetu huu huu, ungeuosha mpaka kiama. Wa pili kaka aliutuma kwa basi, mchanga wa baharini, mfuko mzima wa unga umejaa, mweupe unapendeza, ila una vipande vya makombe ndani. Wa tatu niliuchota mwenyewe, chini ya shamba letu, pale mto unapokata kona na maji yanapunguza mwendo. Ule ni mwembamba, kijivu, una vile vipande vidogo vinavyometa juani.

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, nje hakukaliki, na mwanga ulikuwa dirishani kwa baba tu. Nikaweka nyungo tatu juu ya kitanda, miguuni kwake, kila ungo na mchanga wake, niuangalie vizuri. Sikuwa na wazo lolote la kumhusisha. Nilikuwa nimechoka, nataka kumaliza kazi ile ya kijinga aliyoniachia kaka.

Mkono wa kushoto wa baba ukatoka ndani ya blanketi.

Ule mkono ulikwenda kwenye ungo wa kwanza, ukateka kidogo, kidole gumba kikasugua, kisha akaumwaga na kupangusa vidole kwenye shuka kwa dharau. Ukaenda kwa wa pili, wa bahari. Akausugua, akafikiri, halafu, sijakaa sawa, akauweka kwenye ulimi. Mdomo ule ambao nilikuwa nimeukosa kwa kijiko siku zote zile ulifunguka wenyewe kwa ajili ya mchanga! Akatema. Ptu! Ukanirukia hadi kwenye gauni. Na akanitazama kwa lile jicho lake la zamani, jicho la "nani amekuletea mbegu hizi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Nilicheka na machozi yananitoka, na nafikiri yeye pia alicheka, ule upande wa mdomo uliobaki ulipanda juu.

Wa tatu hakuuachia. Aliushika kwenye kiganja, akaufunga, akalala nao. Ilibidi nimwombe kama mtoto, baba, nipe nikunawishe, tule kwanza. Akanipa. Nikamnawisha. Nikaleta uji, nikapeleka kijiko, akala. Hakumaliza, lakini alikula.

Sijui niseme nini kuhusu siku zilizofuata. Zilikuwa siku nzuri, na mimi sasa hivi sipendi kuzikumbuka. Kila asubuhi nilimwinua, nikampa mito mgongoni, nikatandika kitambaa cha plastiki mapajani mwake, na beseni juu yake. Mimi namimina maji, yeye anakoroga mchanga kwa mkono wa kushoto. Maji yakichafuka namwaga dirishani. Nikidhani yametakata, anatikisa kidole: bado. Neno lake la kwanza tangu aanguke lilikuwa "tena." Halikuwa zuri, lilitoka limepinda, lakini lilikuwa neno. Nilimpigia kaka simu nikaliiga, tukacheka wote wawili, na kaka akanyamaza ghafla, nikajua analia.

Alikuwa anakula. Alikula uji, akala ndizi za shangazi zilizopondwa, akala kisamvu. Asubuhi nikiingia na kumwambia, "Shikamoo baba," alikuwa anaitikia, sauti tu isiyo na umbo, lakini anaitikia kwa wakati wake. Ukutani hakugeuka tena kwa sababu ya ukuta. Aligeuka kwa sababu kulikuwa na tangi.

Siku ya kuweka mchanga alitaka kuumwaga mwenyewe. Nikawahamishia samaki kwenye ndoo, nikatoa yale mawe ya bluu, nikasogeza kitanda mpaka kikagusana na meza. Akausawazisha kwa ubavu wa kiganja, vile vile anavyosawazisha kitalu, halafu, bila hata kufikiri, akaanza kuinua matuta. Matuta, ndani ya tangi la samaki! Madogo, yamenyooka, yamekingama kuzuia mteremko usiokuwepo.

"Baba," nikamwambia, "hapa hatuoteshi karoti."

Hakunijali. Nikaenda mferejini nikang'oa majani yale yanayoota ndani ya maji, akayapanda moja moja juu ya matuta yake, kidole kinatoboa, kidole kinafukia. Samaki tulipowarudisha waliteremka chini moja kwa moja, wakaanza kuchimbachimba mchanga, wanautia mdomoni na kuutema. Baba aliwatazama wakitema, akanigeukia, akanyoosha kidole kwenye mdomo wake mwenyewe. Alikuwa ananitania kwa ule mchanga wa bahari. Nani angeniambia mtu wa namna hiyo anakufa?

Majirani walikuja kuangalia. Shangazi naye alikuja tena kutoka Rangwi, akakuta kaka yake amekaa, ana kazi, akashika mdomo. Nikamwona anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Tulisameheana bila kusema.

Yale majani yakaanza kuwa ya njano. Si yote, na si sana. Mimi sikujali, majani ya mferejini yapo tele, ningeleta mengine. Lakini baba alikuwa anayatazama kwa namna ambayo ningepaswa kuitambua, maana nimekua nikiitazama. Ni namna anavyotazama tuta la kabichi linalosinyaa.

Siku ya soko niliteremka mjini kununua sabuni na mafuta ya taa. Nilichelewa kidogo, mvua ilinishika njiani. Kuingia chumbani, kitanda kitupu.

Akili zilinitoka. Nilidhani ameanguka, nikaangalia chini ya kitanda kama mwendawazimu. Kisha nikaona: baba amekaa kwenye kiti kando ya meza. Nilipoondoka kiti kilikuwa mlangoni na yeye alikuwa kitandani, na sasa mlango wa nyuma unaokwenda zizi la mbuzi ulikuwa wazi. Kikoi chake kilikuwa na matope magotini. Alikuwa ametambaa. Mzee ambaye mimi nilikuwa namgeuza kitandani alikuwa ametambaa mpaka nje na kurudi, akajiinua akakaa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya tangi mpaka kwenye kiwiko.

Akanitazama, uso mzima unang'aa, hata ule upande uliokufa niliona kama unataka kucheka. Akasema, "Mbolea."

Alisema vizuri. Neno zima, limenyooka.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wasiotujua. Kwetu mche hauingii ardhini mkavu. Unatoboa shimo, unatia konzi ya samadi, ndipo unaweka mche. Nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa hiyo, kutangulia mbele ya baba na kikapu cha samadi ya mbuzi, konzi, konzi, konzi, naye nyuma yangu anapanda. Alisamehe mambo mengi baba, lakini ukimpandia mche mkavu aliung'oa mbele ya macho yako na kukuuliza kama na wewe ulilala bila kula. Kwa hiyo alichofanya siku ile ni kile kile ambacho mtu yeyote wa bonde letu angefanya. Aliona miche yake ina njaa. Alijivuta kwa tumbo katika mvua, akachota samadi kwenye zizi, akarudi, akaifukia chini ya kila jani, ndani ya mchanga ule mzuri aliouosha mwenyewe kwa wiki nzima.

Nilipiga vigelegele. Ndiyo, nilipiga vigelegele mpaka mama wa nyumba ya jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Nikampigia kaka: baba ametembea! Hakuwa ametembea, lakini nani angepima? Nilimkumbatia na mikono yake ya samadi, nikamwambia baba, wewe ni simba, wewe hufi ng'o. Kaka kule kwenye simu anapiga kelele Allahu akbar. Sikufikiri habari ya samaki. Hata sekunde moja.

Maji yalianza kuwa na ukungu. Nikayabadilisha kidogo. Yakarudi vile vile. Kisha mapovu yakaanza kupanda kutoka mchangani, moja hapa, moja pale, na chumba kikaanza kunuka mayai yaliyooza. Baba alikuwa analala anatazama. Asubuhi moja nikakuta samaki wote watatu juu kabisa, midomo nje ya maji, wanahema. Nikampigia kaka, kaka akampigia yule fundi wake, akanirudishia simu sauti imebadilika. "Mmeweka nini humo?" akaniuliza. Nikamwambia. Halafu akasema, "Watoe sasa hivi. Hiyo samadi inaozea ndani ya mchanga, inamaliza hewa ya maji. Watoe dada, kimbia."

Nilikimbia. Nilileta beseni la maji safi, nikawakamata kwa mikono, wanateleza, nawakamata tena. Sikuweza hata kumfunika baba asione. Tangi lilikuwa usoni pake, sisi wenyewe ndio tulioliweka hapo ili asiweze kutazama kitu kingine. Mmoja alikufa kiganjani mwangu. Wa pili alielea ubavu kwenye beseni, akapiga mkia kidogo, akaacha. Wa tatu, yule mkubwa, alihangaika mpaka adhuhuri. Baba hakuondoa macho.

"Ni baridi, baba," nikamwambia. "Mwezi wa saba huu. Hawa ni samaki wa Tanga, wamezoea joto. Baridi ndiyo imewaua."

Nikaanza kukomba mchanga kwa kikombe kuutia kwenye ndoo, haraka haraka, nitoke nao. Mkono wake wa kushoto ukanishika kifundo. Alikuwa ana nguvu, yale mazoezi yote ya kukoroga yalikuwa yamempa nguvu. Akaniacha, akaingiza vidole kwenye tangi, akachimba chini ya tuta lake, akatoa konzi. Juu ulikuwa bado kijivu, unametameta. Chini ulikuwa mweusi tii. Akausogeza puani, kama alivyonusa udongo wa shamba maisha yake yote, na pua yake haikumwongopea.

Akauachia. Akautazama mkono wake, mbele na nyuma. Sijui kwa muda gani. Nilikuwa nasema maneno, baridi, baridi baba, nilikuwa naongea peke yangu. Kisha akauingiza mkono ndani ya blanketi, na hakuutoa tena.

Nilipiga kelele. Siwezi kuficha. Siku zilizofuata, nimebeba uji, nimebeba mchuzi, mdomo umefungwa, nilimpigia kelele baba yangu mzazi. "Ni samaki! Samaki baba, si watu! Kula basi!" Shangazi akaja, akanitoa nje, akanikalisha kwenye gogo la jikoni, akaniacha nilie. Akarudi ndani yeye mwenyewe na bakuli. Akatoka nalo limejaa. Alikaa karibu yangu, na tukawa tunatazama zizi la mbuzi kwa sababu ndilo lililokuwa mbele yetu.

Kaka alipanda tena Ijumaa baada ya swala. Alikuwa na ndoo ile ile na samaki wengine, wekundu, ungedhani ni wale wale. Mimi nilikuwa nimeshaandaa. Nilikuwa nimechota mchanga mpya pale pale kwenye kona ya mto, nimeuosha peke yangu mpaka maji yakawa meupe, nimeulaza mwembamba tu, bila tuta, bila jani hata moja. Tuliwatia samaki. Wakateremka chini, wakaanza kuchokoa mchanga na kuutema, kama wa kwanza. Kaka akanishika mkono. Tulisimama pale nyuma ya kitanda kama watoto waliovunja kitu na kukigundisha.

Baba alikuwa amekonda kiasi kwamba blanketi lilikuwa limelala tu. Alifungua macho. Akawatazama samaki, na nilijua anawaona, maana macho yake yalikuwa yanakwenda nao, kushoto, kulia. Nikaona mdomo unataka kufunguka. Nikachukua bakuli haraka, nikakaa ukingoni mwa kitanda, kijiko tayari. Kaka alikuwa anasema bismillah kwa sauti ya chini.

Alijitahidi. Alilijenga neno polepole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa na ule mchanga, na lilipotoka lilikuwa safi, hakuna ambaye asingelielewa.

"Watoeni," akasema.

"Kwa nini baba?" kaka akamuuliza. "Hawa hawana baridi, maji tumeyapasha."

Baba akamtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Ndani ya blanketi niliona ule mkono ukijikunja.

"Nitawaua."

Kaka aliwatoa. Mimi nilibaki nimekaa na kijiko mkononi, na baba akafumba macho.